Omaha haina bahari, lakini pia haina Rusumo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar–Kigali kupitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Shemeji yangu anaishi Omaha, Nebraska, anafanya kazi ghalani. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti akijisifu kwamba jimbo lake ndilo lililo mbali na bahari kuliko yote Marekani, eti lazima uvuke majimbo matatu ndipo uonje maji ya chumvi. Nikamuuliza: sasa mizigo yenu inapitia wapi, nani anawatoza, na mpakani mnalala siku ngapi? Akacheka tu. Naomba unieleze. Majimbo yasiyo na bahari ni mangapi? Yale yenye maziwa makubwa nayo yamo? Na kwa nini hawalalamiki kama wanavyolalamika wateja wangu wa Rwanda na Burundi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Shemeji yako hajakudanganya, ingawa kuna kilomita kadhaa za kumpunguzia sifa, nitazifikia.

Marekani ina majimbo 50. Yanayogusa bahari ni 23, yasiyogusa ni 27. Yaani zaidi ya nusu. Wengi hawaamini, kwa kuwa Marekani tunayoiona kwenye runinga ni New York, Miami na Los Angeles, miji ya ukingoni. Fungua ramani uanzie kusini-magharibi: Arizona na New Mexico, panda Nevada, Utah, Colorado, Wyoming, Idaho na Montana. Shuka tambarare za katikati: North Dakota, South Dakota, Nebraska, Kansas, Oklahoma. Sogea mashariki kidogo kuna Iowa, Missouri na Arkansas, kisha Tennessee, Kentucky na West Virginia. Hayo ni 19. La 20 limejitenga peke yake kaskazini-mashariki, Vermont, ambalo lina kioja chake: mwaka 1849 vibarua wa reli walikuwa wakichimba katika kijiji cha Charlotte wakafukua mifupa ya nyangumi. Nyangumi wa kweli, kilomita nyingi kutoka baharini. Barafu kuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, bahari iliingia bondeni pale ikakaa kwa muda, ardhi ilipoinuka ikarudi ilikotoka.

Saba yaliyobaki ndiyo yaliyokutatiza: Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Michigan, Ohio na Pennsylvania. Hayana bahari lakini yamekaa kwenye Maziwa Makuu. Ukiniuliza mimi, kuyaita majimbo yasiyo na pwani ni sahihi kwa kamusi na si sahihi kwa mtu anayepakia meli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 kuhusu usimamizi wa pwani inaihesabu fukwe ya Maziwa Makuu kuwa pwani sawasawa na ya bahari. Michigan pekee ina fukwe ya zaidi ya kilomita 5,000, na hakuna tone la chumvi hata moja. Tangu njia ya meli ya Mto St. Lawrence ilipofunguliwa mwaka 1959, meli inayotoka Ulaya inaweza kupanda, loki kwa loki, mpaka Duluth, Minnesota, safari ya takriban kilomita 3,700 kutoka Atlantiki, hadi kwenye ziwa lililo mita 183 juu ya usawa wa bahari. (Loki ni chumba cha zege chenye lango kila upande: meli inaingia, lango linafungwa, maji yanajazwa au kupunguzwa, meli inapanda au kushuka.) Duluth inapakia madini ya chuma na ngano.

Na maziwa hayo yanaua. Tarehe 10 Novemba 1975 meli Edmund Fitzgerald, iliyokuwa imepakia madini ya chuma bandarini Superior, Wisconsin, ilizama kwa dhoruba na watu wote 29 waliokuwamo. Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa zaidi. Halafu kuna hili linalonichekesha kila mara: kambi ambayo makuruta wote wa jeshi la wanamaji la Marekani hupitia iko Illinois, kando ya Ziwa Michigan. Kijana anaapishwa kuwa baharia katika jimbo lisilo na bahari.

Kuonyesha kwamba wenyewe waliijua thamani ya maji hayo, tazama jinsi mipaka ilivyochorwa. Ramani za mwanzo zilikuwa zikiiacha Pennsylvania na kipande kidogo tu cha Ziwa Erie kisichofaa bandari. Mwaka 1792 jimbo likatoa fedha likainunua pembetatu ya ardhi kutoka serikali kuu: ekari 202,187, senti 75 kwa ekari, jumla dola 151,640.25. Hata hizo senti 25 ziliandikwa. Ndiyo maana leo ukiitazama Pennsylvania kwenye ramani utaona kona ya kaskazini-magharibi imejitokeza juu. Ule ni mji wa Erie na bandari yake. Indiana ilipoingia kwenye muungano mwaka 1816, mpaka wake ulisukumwa maili 10 kaskazini ili ipate ufukwe wa Ziwa Michigan. Illinois, mwaka 1818, ilifanya makubwa zaidi: mjumbe wake Nathaniel Pope alishawishi Bunge mpaka usogezwe hadi latitudo 42°30'. Bila hoja ile, mahali palipo Chicago pangekuwa Wisconsin. Ohio na Michigan nazo zilipelekeana wanamgambo mwaka 1835 kwa kugombea ukanda wenye Toledo, bandari ya Ziwa Erie.

Pennsylvania ina la ziada pia. Haigusi bahari, ila Mto Delaware unaopita Philadelphia hujaa na kupwa kama bahari, na meli kubwa zimekuwa zikitia nanga pale tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza. Kwa hiyo ukisikia mtu anahesabu 27, mwingine 26, mwingine 20, usidhani mmoja hajasoma. Muulize kwanza anahesabu nini.

Sasa Nebraska. Ni kweli kwamba ni jimbo pekee ambalo uelekee upande wowote lazima uvuke majimbo matatu, au majimbo mawili na mkoa mmoja wa Kanada, ndipo ufike baharini. Ukienda kusini unavuka Kansas, Oklahoma, Texas. Ukienda kaskazini ni Dakota mbili kisha Manitoba, unatokea Ghuba ya Hudson. Majirani zake wote wana njia ya kuvuka mawili tu. Kwa mipaka, shemeji ameshinda. Kwa kilomita ameshindwa: sehemu ya Amerika Kaskazini iliyo mbali kuliko zote na pwani yoyote iko South Dakota, karibu na kijiji cha Allen, takriban kilomita 1,650 kutoka baharini kwa mstari ulionyooka. Omaha iko ukingoni mashariki mwa Nebraska, na kwa barabara hadi Houston ni kama kilomita 1,450. Umbali huo wewe unaujua kwa mgongo wako. Ni karibu sawa na Dar–Kigali.

Umbali ni ule ule, basi. Tofauti iko kwenye neno uliloliuliza mwenyewe, mpakani, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Kwa sababu kuna wakati Wamarekani wa bara walikuwa na Rusumo yao, na iliwauma kiasi cha kubadilisha ramani ya dunia.

Kentucky ilikuwa jimbo mwaka 1792, Tennessee mwaka 1796. Wakulima wa kule walikuwa wamebanwa na milima ya Appalachia upande wa mashariki. Kupitisha pipa la unga juu ya milima ile kwa farasi hadi Philadelphia kuliweza kula thamani yote ya unga. Mito yao ilitiririka upande mwingine: Ohio, halafu Mississippi, halafu New Orleans. Basi wakaunda mashua bapa za mbao, wakapakia unga, tumbaku na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, wakayaachia maji yawapeleke. Mashua zile hazikuweza kurudi dhidi ya mkondo. Wakifika New Orleans waliuza mzigo, wakaivunja mashua na kuiuza kama mbao, kisha wakarudi kwa miguu au kwa farasi kupitia njia ya msituni iitwayo Natchez Trace, mamia ya kilomita, fedha zimefungwa kiunoni na majambazi wamejaa njiani. Dereva anayeuza gari mwisho wa safari na kurudi kwa miguu: hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya Kentucky.

Na New Orleans haikuwa ya Marekani. Ilikuwa ya Hispania. Mkataba wa mwaka 1795 uliwaruhusu Wamarekani kushusha mizigo yao pale na kuipakia melini bila kutozwa ushuru. Oktoba 1802 ofisa wa Kihispania akaifunga ruhusa ile. Ofisa mmoja, amri moja, na mazao ya bonde zima yakawa hayana pa kwenda. Magharibi ikawaka, watu wakazungumzia kuiteka New Orleans kwa bunduki. Rais Thomas Jefferson akamtuma James Monroe aungane na Robert Livingston jijini Paris, kwa kuwa Hispania ilikuwa tayari imekubali kwa siri kuirudisha Louisiana kwa Ufaransa. Walichotumwa kukitafuta ni mji wa bandari na ardhi ya jirani yake. Napoleon, aliyekuwa akihitaji fedha za vita, akawaambia wachukue yote. Aprili 1803 wakakubaliana dola milioni 15 kwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Nebraska nzima anayokaa shemeji yako imo ndani ya ununuzi ule. Jimbo lililo mbali zaidi na bahari lilipatikana kwa sababu wakulima wa majimbo mengine yasiyo na bahari walifungiwa bandari.

Kabla ya hapo, majimbo yenyewe yalikuwa yakiumizana. Baada ya uhuru kila jimbo lilikuwa na ushuru wake. New York ilitoza bidhaa zilizopita bandarini kwake kwenda Connecticut na New Jersey, na New Jersey ilibanwa pande mbili, New York huku na Philadelphia kule. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ikalikata jambo hilo. Inasema jimbo haliruhusiwi kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo au zitokazo bila idhini ya Bunge la nchi. Bandari za jimbo moja zisipendelewe dhidi ya za jingine. Na chombo kinachokwenda jimbo fulani kisilazimishwe kuingia, kuruhusiwa au kulipa katika jimbo jingine. Mwaka huo huo sheria ya maeneo ya kaskazini-magharibi ikaongeza kwamba mito inayoingia Mississippi na St. Lawrence itakuwa njia huru ya wote, bila kodi wala ushuru. New York ilijaribu baadaye kuwapa watu wawili haki pekee ya kuendesha meli za mvuke kwenye maji yake. Mahakama Kuu ya nchi ikaitupa haki ile mwaka 1824 katika kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden.

Hapo ndipo alipocheka shemeji yako. Swali lako la siku mpakani halina jibu kule. Ushuru wa forodha ni wa serikali kuu, unaingia hazina moja. California haipati ushuru kwa sababu tu kontena imeshukia Long Beach, wala haiwezi kuitishia Nebraska kwamba itafunga lango. Rwanda ni nchi huru kamili. Mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982 unazipa nchi zisizo na bahari haki ya kupita, lakini masharti ya kupita yanajadiliwa na nchi ya bandari, na kila yanapojadiliwa kuna atakayelipa. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, imepunguza mengi. Unakumbuka wewe foleni za zamani. Lakini lakiri bado ipo, dhamana bado ipo, tozo ya barabara ya gari la transiti bado ipo.

Fuatana na kontena moja. Inashuka Long Beach, inapandishwa kwenye behewa, kontena juu ya kontena. Mwingizaji ana hiari: alipe ushuru pale pale bandarini, au aache mzigo usafiri chini ya dhamana hadi Omaha, kwa kuwa Omaha yenyewe ni kituo halali cha forodha ya nchi, kama zilivyo Denver na Kansas City. Kwa lugha yetu ni bandari kavu, ila tofauti na ya kwetu, iko ndani ya himaya ya forodha moja tangu mwanzo. Treni inaweza kupita California, Nevada, Utah na Wyoming bila ofisa yeyote wa jimbo kuomba karatasi za mzigo. Inapoingia Nebraska inapita North Platte, penye uwanja wa kupanga mabehewa ulio mkubwa kuliko wote duniani, urefu wake kama kilomita 13, mali ya Union Pacific, kampuni ya reli yenye makao makuu hapo hapo Omaha. Jimbo lililo mbali na bahari ndilo lenye ofisi ya reli inayolisha nusu ya nchi. Na hilo halikutokea kwa bahati. Reli ya kwanza ya kuvuka bara ilianza kujengwa kuelekea magharibi kutokea Omaha katika miaka ya 1860.

Usije ukadhani dereva wa kule anapita kama upepo. Mizani ipo, na inakera. Kwenye barabara kuu za kitaifa uzito wa kawaida wa juu ni pauni 80,000, yaani tani 36 na ushee, gari na mzigo pamoja. Wewe kwa sheria ya Afrika Mashariki unaruhusiwa hadi tani 56 ukiwa na ekseli za kutosha. Ukienda na semi yako kule utashushwa mzigo mizani ya kwanza. Kodi ya mafuta nayo inagawanywa kwa maili zilizotembewa katika kila jimbo, mwenye gari anajaza fomu kila robo mwaka. Ni makaratasi, lakini hufanywa ofisini. Hakuna anayelala chini ya trela akisubiri.

Njia ya tatu, baada ya barabara na reli, ndiyo ambayo sisi tunaisahau: mto. Majimbo mengi yasiyo na bahari yana bandari zenye kufika baharini. Lewiston, Idaho, iko kilomita 750 hivi kutoka Pasifiki. Ngano inashushwa kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo zinazosukumwa na boti, kupitia loki nane kwenye mito ya Snake na Columbia. Oklahoma ina bandari ya Catoosa karibu na Tulsa. Mto Arkansas ulikuwa na kina kisichotabirika, serikali ikaujengea mfumo wa loki 18 wenye urefu wa kilomita 716, na mwaka 1971 Oklahoma, nchi ya vumbi na ng'ombe, ikaanza kupakia mizigo inayofika New Orleans bila kugusa gurudumu.

Lakini mfalme ni Mississippi. Nikueleze kinavyofanyika, maana wewe ni mtu wa mizigo. Tishari moja la nafaka lina urefu wa mita 59 na upana wa karibu mita 11, linabeba takriban tani 1,360. Kwenye mto wa juu, kati ya Minneapolis na St. Louis, boti moja inasukuma, haivuti, matishari 15 yaliyofungwa kwa nyaya, matatu kwa upana na matano kwa urefu. Piga hesabu: tani 20,000 na zaidi. Ukikadiria tani 28 kwa semi, ni semi zaidi ya 700, na watumishi melini hawazidi dazeni. Ule mkeka wa chuma una upana wa mita 32. Loki ina upana wa mita 33 na nusu. Nahodha anauingiza akiwa nyuma, mita 300 kutoka mbele anapotakiwa kulenga, na baharia amesimama kwenye ncha ya mbele akimtajia kwa redio umbali uliobaki kila upande. Tena loki nyingi za mto wa juu zina urefu wa mita 183 tu, zilijengwa zamani, hasa miaka ya 1930. Kwa hiyo msafara unakatwa vipande viwili: matishari tisa ya mbele yanapitishwa kwanza, yanavutwa nje kwa kebo, kisha boti na sita yaliyobaki yanafuata, halafu nyaya zote zinafungwa upya. Kazi ya dakika 45 inakuwa ya saa moja na nusu au mbili. Chini ya St. Louis hakuna loki tena, na misafara inaongezwa hadi matishari 30 na kuendelea. Kama Iowa ina Rusumo yoyote leo, ni loki zile fupi. Wakulima wamezililia kwa miongo.

Mto nao una siku zake. Vuli ya mwaka 2022 mvua zilikatika katikati ya nchi, na Oktoba kipimo cha Mississippi pale Memphis, Tennessee, kikashuka chini kuliko rekodi yoyote ya nyuma. Matishari yakakwama kwenye mchanga, mengine yakapakiwa nusu ili yaelee, nauli ikaruka mara kadhaa. Na wakati ule ule ndio msimu wa kuvuna mahindi na soya. Mkulima wa ndani akakuta bei ya shambani imeshuka ingawa bei ya bandarini haijashuka.

Hilo linanipeleka kwenye gharama ambayo katiba haikuiondoa, nayo ni umbali wenyewe. Mahindi ya Nebraska yana bei ya Ghuba ya Mexico ukitoa nauli. Mto Missouri unaopita Omaha unapitika kwa matishari kutoka Sioux City hadi unapoungana na Mississippi, lakini siku hizi mizigo yake ni michache. Kilimo kinategemea reli. Watu wa Nebraska wamelijibu tatizo kwa akili ya mtu wa bara: badala ya kusafirisha punje, wanaibadilisha nyumbani. Mahindi yanaliwa na ng'ombe, ng'ombe anasafirishwa akiwa nyama ndani ya boksi. Au yanageuzwa ethanoli ya kuchanganya na petroli, na Nebraska ni ya pili kwa ethanoli nchini nyuma ya Iowa. Kilo moja ya nyama inaibeba nauli ambayo kilo moja ya mahindi haiwezi. Kwa mizigo ya haraka majimbo ya bara yametumia anga: vituo viwili vikubwa vya ndege za mizigo nchini, Memphis wa FedEx na Louisville wa UPS, viko Tennessee na Kentucky, majimbo yasiyo na bahari. Louisville pana Wakongomani na Warundi wengi, na Kiswahili kinasikika vizuri tu kule.

Je, wanapoteza mafuta ya baharini? Kidogo. Majimbo manne ya Ghuba hupewa sehemu ya mapato ya visima vya baharini vya serikali kuu. Lakini mafuta na gesi vikichimbwa kwenye ardhi ya serikali kuu ndani ya jimbo, jimbo hupata karibu nusu ya mrabaha. Wyoming na New Mexico hazina wivu wowote na pwani kwa upande huo.

Majimbo mawili yana historia ya kuikosa bahari kwa karibu. West Virginia ilikuwa sehemu ya Virginia yenye pwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, kaunti za milimani zikakataa kujitenga na muungano, na Juni 1863 zikawa jimbo la peke yake. Walichagua muungano wakaiacha bahari. Arizona nayo ilinunuliwa kipande cha kusini kutoka Mexico mwaka 1853 na 1854 kwa dola milioni 10, na kwenye mazungumzo Wamarekani walitaka zaidi, wafike Ghuba ya California. Hawakupata. Kona ya Yuma iko karibu na maji ya chumvi kuliko Morogoro ilivyo karibu na Dar, na bado haina ufukwe.

Ukitaka kujua wanacholilia hasa, nenda magharibi ya longitudo 100, inayoikata Nebraska yenyewe, ambako mvua inapungua mpaka kilimo bila umwagiliaji kinakuwa bahati nasibu. Kule hoja si kufika kwenye maji ya chumvi. Ni maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya Nevada na nusu ya Utah ni beseni lisilo na mlango. Mvua inayonyesha pale haifiki bahari yoyote, inaishia kwenye maziwa ya chumvi na mbuga kavu kama tunavyoona Natron na Eyasi. Mto Humboldt unapita Nevada mamia ya kilomita kisha unafia jangwani. Ziwa Kuu la Chumvi la Utah lilikuwa limefurika katikati ya miaka ya 1980. Novemba 2022 lilikuwa chini karibu mita 7 ya pale, kwa sababu mito inayolilisha imechepushwa, zaidi mashambani, na ukame umeongezea. Sakafu iliyobaki wazi ina vumbi lenye arseniki, na upepo unalipeleka Salt Lake City.

Na Mto Colorado ndio ugomvi mkubwa. Novemba 1922 wajumbe wa majimbo saba walikutana karibu na Santa Fe, New Mexico, wakagawana maji: Colorado, Wyoming, Utah na New Mexico juu, Arizona, Nevada na California chini. Sita kati ya hayo hayana bahari. Waligawa kwa vipimo vya miaka ya mvua nyingi kupita kawaida, kwa hiyo kwenye karatasi mto una maji mengi kuliko ulio nao bondeni. Jimbo lenye bahari, California, lilipata fungu kubwa kuliko yote ya chini. Nevada ilipata dogo kabisa, kwa kuwa wakati ule Las Vegas ilikuwa kituo cha reli chenye watu wachache. Leo mto ule kwa kawaida hukauka kabla ya kufika baharini. Majimbo yanashtakiana, yanajadiliana, na mawakili wanakula. Kwa hiyo usemi kwamba hawalalamiki si kweli. Wanalalamika sana, ila si kuhusu bandari.

Kuhusu shemeji, kama anataka cheo cha kulingana na majigambo yake, tangu mwaka 1931 Nebraska ina utani rasmi: gavana hutoa hati ya kumtawaza mtu kuwa admirali wa jeshi la wanamaji la Nebraska. Meli hakuna, bahari hakuna, hati ipo na ina saini ya gavana. Anapendekezwa tu na mtu anayemfahamu, na baadhi ya waliopewa hawakai Nebraska kabisa. Akishaipata, akuombee na wewe. Nafasi ya admirali wa barabara ya Rusumo nadhani iko wazi.